Sura ya Sita: Ndoo Isiyopungua

Karatasi zilikuwa ishirini na mbili, moja kwa kila siku, na kila moja ilisema jambo lile lile mara sita, mara moja kwa kila ukaguzi: ndoo imejaa. Inspekta alizipanga kwa tarehe juu ya meza ya Meneja, akavaa miwani, akazisoma zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, ingawa mtu mwenye haraka angeishia ya tatu. Mwandiko ulikuwa wa mkono mmoja, herufi kubwa kubwa zilizonyooka, mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani na ambaye bado anaiheshimu kalamu.

"Uongo mtupu," alisema Meneja, aliyekuwa amesimama dirishani akichezea funguo. "Farasi mwenye ndoo iliyojaa mara sita kwa siku haanguki kwa kiu. Huhitaji kuwa mpelelezi kulijua hilo."

"Kweli kabisa. Labda ndiyo maana wamenituma mimi."

Meneja hakucheka. Alikuwa mtu msafi, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na yeye ndiye aliyepeleka malalamiko polisi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Shule ya kupanda farasi aliyoiongoza Meneja ilikuwa imechaguliwa kujaribu viwango vipya vya matunzo ya farasi, kanuni arobaini zilizotungwa na kamati ya watu saba: wapewe nini na lini, wafungwe vipi, wasafirishwe vipi, wapumzike saa ngapi. Majaribio yalianza tarehe mosi. Tarehe ishirini na mbili farasi jike mzee kuliko wote, aliyeitwa Shangazi kwa sababu aliwasukuma wote na hakupokea amri ya yeyote, alilala chini kizimbani na hakuinuka. Tumbo lilikuwa limefunga kwa ukosefu wa maji. Daktari wa mifugo alimwokoa kwa kumpitishia maji kwa mpira puani, lakini leo ilikuwa siku ya tatu, pua imeanza kutoa damu, na bado hanywi mwenyewe. Kama ingefika kesho hajanywa, Daktari angelazimika kumchoma sindano ya kumpumzisha milele.

Na mtunzaji wake, saisi wa miaka mingi aliyejulikana kwa wote kama Babu Hatamu, naye mmoja wa wale saba wa kamati, alikuwa amesimamishwa kazi na kukatazwa kuvuka geti. Saa kumi alasiri kamati ingekaa. Kanuni ya arobaini ilisema kwamba atakayemnyima farasi maji kwa makusudi ataandikwa kwenye orodha ya watu wasioruhusiwa kumgusa farasi maisha yao yote. Orodha hiyo ilikuwa bado tupu. Babu Hatamu angekuwa mtu wa kwanza.

"Yeye mwenyewe anasemaje?" aliuliza Inspekta.

"Anasema tuandike tunavyotaka. Mtu asiye na hatia anajibu hivyo?"

Inspekta alikuwa amekutana na wengi wasio na hatia waliojibu hivyo hivyo, lakini hakubishana. Alitazama saa. Ilikuwa saa saba na robo.

Bandani kulikuwa kimya, kimya cha maktaba. Vizimba kumi na vinane, tisa kila upande, na mbele ya kila mlango karatasi ya kanuni ndani ya plastiki. Inspekta alitembea katikati kabisa ya njia. Hakuwapenda farasi. Utotoni mmoja alimng'ata begani, na tangu hapo aliwahesabu kama mbwa wenye miguu mirefu. Farasi kumi na saba walitoa vichwa kumtazama, na kila mmoja alimwona kuwa anaogopa.

Shangazi alikuwa kizimba cha mwisho. Daktari, mwanamke mwembamba mwenye mabuti ya mpira, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameegemeza kichwa ukutani. Yeye pia ndiye mwenyekiti wa kamati.

"Sogea, hawezi kukufanya kitu," alisema. "Laiti angeweza."

Akabana ngozi ya shingo ya farasi kwa vidole viwili, akaachia. Ngozi ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa, ikachukua muda kurudi. Inspekta aliinama akanusa ndoo ya maji iliyokuwa kando.

"Nasikia kanuni ya saba inataka ndoo zioshwe kwa dawa," alisema. "Pengine harufu?"

"Nilifikiria hilo siku ya kwanza. Hawa wengine wote ndoo zao zinaoshwa kwa dawa hiyo hiyo na wanakunywa. Na huyu nimemletea ndoo mpya kutoka dukani. Nimemletea maji ya mvua. Nimemkorogea na pumba. Nimemwangalia meno, ulimi, koo, kila kitu kizima. Anakuja, Inspekta. Ukimwekea anakuja. Anashusha kichwa, anaweka midomo kwenye maji, halafu anasubiri."

"Anasubiri nini?"

"Ningejua si ningempa?"

Alifuta macho kwa mkono wa koti. Hakuona haya kulia mbele ya polisi, na Inspekta alimpenda kwa hilo. Akamwachia nafasi, akatoka nje kuzunguka banda.

Huko nyuma kulikuwa na ukanda wa udongo mkavu, mgumu, wenye nyufa, uliopita chini ya madirisha tisa. Chini ya dirisha la tisa, la Shangazi, nyasi zilikuwa zimeota. Zilikuwa mbichi, nene, zimefika kwenye kifundo cha mguu, na zilianza na kuishia upana wa dirisha hilo. Inspekta alichuchumaa akaichimba ardhi kwa kalamu. Ilikuwa tope.

Meneja alikuwa amemfuata. "Si unaona!" alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana mwenye furaha. "Alikuwa anamwaga! Anaandika ndoo imejaa, kamera ya njiani inamwona amebeba ndoo, halafu anaimwaga dirishani. Babu wa watu, kumbe ana roho hiyo. Alizichukia hizi kanuni tangu mwanzo, alitaka zionekane mbaya."

"Bomba liko wapi?"

"Kule, karibu na geti."

Inspekta alikwenda mpaka bombani, akajaza ndoo, akarudi nayo akihesabu hatua. Zilikuwa mia moja na sitini. Alipofika mkono ulikuwa umekufa ganzi, suruali imelowa, na pumzi alikuwa anazitafuta. Akaitua miguuni kwa Meneja.

"Mimi nina miaka hamsini na moja," alisema. "Babu Hatamu ana mingapi?"

"Sabini na kitu."

"Mzee wa sabini na kitu anataka kumnyima farasi maji. Anateka ndoo, anaibeba hatua mia na sitini, anaimwaga, anarudi tena. Asubuhi na jioni, siku ishirini na mbili. Kwa nini? Kama nia ni kudanganya, angekaa kwenye kiti chake akaandika tu 'imejaa'. Uongo hauhitaji ndoo, Meneja."

Inspekta alielekeza kalamu kwenye zile nyasi.

"Kanuni ya saba inasema maji yabadilishwe asubuhi na jioni, ya zamani yamwagwe nje. Kwa hawa wengine kinachomwagwa ni masalia, vikombe viwili vitatu, ndiyo maana huku kwao pamekauka. Hapa ilimwagwa ndoo nzima. Alimletea, farasi hakunywa, akamwaga, akaleta mengine. Kila neno aliloandika ni kweli. Ndoo ilikuwa imejaa kwa sababu hakuna aliyekuwa anaipunguza."

Daktari alikuwa amechungulia dirishani, juu ya zile nyasi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Fomu inauliza kama ndoo imejaa," alisema polepole. "Haiulizi kama farasi amekunywa. Mara sita kwa siku nilikuwa napokea habari kwamba hanywi, nami naweka alama ya vema. Fomu hiyo niliitunga mimi. Nilijivunia sana."

"Tutalia baadaye, Daktari," alisema Inspekta, si kwa ukali. "Bado sijajua kwa nini hanywi. Na kwa nini mzee hakusema."

Babu Hatamu aliishi na binti yake mtaa wa pili kutoka pale, vyumba viwili vilivyotazama uani. Binti alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilijaa vitambaa, sare za shule nusu zimeshonwa, naye alikuwa na tepu shingoni na pini mdomoni. Alizitoa moja moja akazichomeka kwenye mto mdogo kabla ya kujibu salamu.

"Yuko uani, afande. Anakaa tu. Usimkaripie, tafadhali. Hajala tangu juzi."

"Sijaja kukaripia. Dada, baba yako amebadilika lini?"

"Farasi alipoanguka."

"Kabla ya hapo hukuona kitu? Tangu mwezi uanze?"

Fundi alifikiri, kidole kwenye gurudumu la cherehani. "Kabla ya hapo alikuwa kimya. Lakini kimya hiki ni cha ajabu kidogo, utanicheka."

"Nijaribu."

"Baba ni mtu wa mluzi. Si mluzi wa kujionyesha, hapana, mdogo tu, kama mtu anayejisemesha. Akinyoa ndevu, mluzi. Akifunga kamba za viatu, mluzi. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akimwambia, wewe mume wangu ungezaliwa birika. Sasa ile tarehe mosi ameamka, ananyoa, kimya. Nikamuuliza, baba, jino? Akasema hapana, anajizoeza."

"Anajizoeza nini?"

"Kutopiga. Akasema asije akasahau akiwa kule bandani."

Inspekta alikuwa na nakala ya kanuni mfuko wa ndani wa koti. Aliitoa, akalamba kidole, akafunua mpaka ya kumi na nne. Akaisoma mara mbili, akasimama pale katikati ya sare za shule huku fundi akimtazama. *Ndani ya banda pawe na utulivu wakati wote. Hapatakuwa na kelele, redio, kuimba wala mluzi.*

"Samahani dada," alisema. "Naomba nimwone mzee sasa hivi."

Babu Hatamu alikuwa kwenye kigoda chini ya kamba ya nguo, mikono juu ya magoti. Mikono ile mikubwa yenye makovu ya kamba haikuwa na kazi, na ilionekana haijui ikae wapi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kuuliza."

"Mlishauliza, nami nilishajibu. Farasi alikuwa mikononi mwangu, akaanguka. Andika."

Inspekta alivuta beseni la kufulia, akalipindua, akakaa. "Shangazi ananyweshwaje, mzee?"

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalijaa ghafla, na aliyaacha yajae.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Anaweka midomo kwenye maji halafu anasubiri. Namuuliza mtu anayejua anasubiri nini."

Ndani cherehani haikulia, fundi alikuwa anasikiliza.

"Mama yake alikufa siku ya pili," alisema Babu Hatamu. "Nikamlea kwa chupa. Chupa haitaki, maziwa hayataki, mtoto anakwisha hivi hivi. Nikawa nimekaa naye kwenye nyasi nimekata tamaa, nikapiga mluzi, basi tu, wa mawazo. Akanyonya. Nikinyamaza anaachia. Nikipiga ananyonya. Tulikaa hivyo miezi minne mimi na yeye. Tangu hapo, miaka kumi na tisa, sijawahi kumpa maji bila mluzi. Nilidhani ni mchezo wetu. Nilidhani akishikwa na kiu ya kweli atakunywa tu, farasi si mjinga. Akawa anakunywa mafunda mawili, ananitazama. Mafunda matatu, ananitazama. Majani mabichi ya malisho ndiyo yaliyomshikilia siku zote hizo. Nami nimesimama pale nimeuma midomo."

"Lakini wewe ulikuwa kwenye kamati, mzee. Hiyo kanuni ilipopita ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Niliinua mkono."

"Kwa nini?"

Babu Hatamu alisugua goti. "Kikao cha kwanza walituuliza, kila mtu aseme kanuni moja. Mimi nikasema, farasi abishiwe hodi kabla ya kuingia kwake. Wakacheka. Hawakucheka vibaya, mwanangu, usiwaseme, Daktari mwenyewe alinimiminia chai. Lakini walicheka. Wale wana vipimo, wamempima farasi mpaka mapigo ya moyo. Mimi nikaanze kuwaambia kuna farasi anayengoja mluzi ndiyo anywe? Wangecheka mpaka leo."

"Na siku ya kumi, ya kumi na tano, ulipoona anadhoofu? Si ungepiga tu kimya kimya?"

"Nilisaini." Alisema neno hilo kwa uzito, kama mtu ambaye hakuombwa saini mara nyingi maishani. "Walisema saisi mmoja akivunja, wote watavunja, na watakaoumia ni farasi wenyewe. Nimeona farasi wakipigwa kwa minyororo, mwanangu. Nimeona wakifanyishwa kazi na vidonda. Miaka yote nimeomba zije kanuni. Zimekuja, mimi niwe wa kwanza kuzivunja?" Akashusha kichwa. "Na alipoanguka walinitoa getini siku ile ile, nani angenisikiliza tena? Kwa hiyo andika nilimnyima."

"Hukumnyima maji."

"Nilimnyima kile kinachompa maji. Tofauti iko wapi?"

Inspekta alimhurumia mzee yule kiasi kwamba alibaki akikunja na kukunjua ile nakala ya kanuni. Kisha akatazama saa. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini.

"Vaa viatu, mzee."

"Nimekatazwa kuvuka geti."

"Basi hatutalivuka."

Wajumbe wa kamati walikuwa wanaingia na mafaili yao walipofika. Inspekta alimsimamisha Babu Hatamu nje ya geti la chuma, nyayo zake shibiri moja kutoka mstari wa geti, akaingia peke yake kumnong'oneza Daktari. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, mkono mdomoni. Alikwenda bandani, akarudi akimwongoza Shangazi hatua kwa hatua, na baada ya kila hatua chache walisimama kupumzika. Ndoo ikawekwa ndani ya geti.

"Hii ni kinyume cha amri," alisema Meneja. "Amesimamishwa."

"Amri inasema asivuke," alijibu Inspekta. "Mwangalie miguu."

Farasi alikuwa ameshamwona mzee. Masikio, yaliyokuwa yamelala siku tatu, yalisimama. Alishusha kichwa, akaweka midomo kwenye maji, akasubiri.

Babu Hatamu alikunja midomo. Ukatoka upepo mtupu. Akailamba, akajaribu tena, bado upepo. Mjumbe mmoja alikohoa. Mara ya tatu mluzi ulitoka, mdogo, wa sauti mbili tu, juu na chini, juu na chini, na koo la Shangazi likatikisika. Funda la kwanza lilionekana likipanda shingo nzima. Likafuata la pili, la tano, la kumi, na maji ndani ya ndoo yakaanza kushuka. Hakuna aliyesogea. Daktari alikuwa akihesabu mafunda kwa sauti ya chini, na alipofika thelathini aliacha kuhesabu.

Ndipo mzee alipolia. Midomo ilimtetemeka, mluzi ukakatika, akajaribu kuushika ukakatika tena. Shangazi aliinua kichwa, maji yanamchuruzika kidevuni, akamtazama kupitia nondo za geti. Ndoo ilikuwa imebaki nusu.

"Siwezi," alisema Babu Hatamu. "Nisameheni, siwezi, midomo imekataa."

Daktari alipiga magoti kando ya ndoo. Yeye ndiye aliyeiandika kanuni ya kumi na nne kwa mkono wake. Mbele ya kamati nzima alikunja midomo akapiga mluzi, mbaya, wenye upepo kuliko sauti, juu na chini, juu na chini. Farasi alimgeuzia sikio moja. Akamkagua kwa muda mrefu, Shangazi kweli kweli, mtu asiyeridhishwa na kazi za vijana. Kisha akashusha kichwa akanywa, akanywa mpaka ndoo ikaanza kuyumba kwa wepesi na midomo ikawa inalamba chini.

Meneja alikuwa ametoa funguo. Alifungua geti na kulisukuma mpaka mwisho, akasimama kando na funguo zake.

"Babu, ingia," alisema Daktari, pumzi zikimwishia. "Tuna kikao. Nataka ukae karibu yangu, na hii kanuni ya kumi na nne uniambie wewe, neno kwa neno, mimi niandike. Na ile ya hodi."

Mzee alivuka mstari. Akapita mbele ya wajumbe na mafaili yao, akamfuta Shangazi kidevu kwa kiganja, akaiokota ndoo tupu akaelekea bombani.

"Kwanza anywe," alisema.

Kamati ikasubiri.